Klachi ya Mama Zeituni

Jumatatu, 1 Aprili 1985

Mvua ya kwanza ya kweli imeshuka leo mchana, na mimi nimeanza kuandika. Nimeolewa hapa Mayoni tangu Disemba. Mume wangu, Mustafa, anaendesha lori la masafa marefu kwenda Kigali, na akiondoka haonekani miezi miwili mitatu. Kwa hiyo naishi na mama yake, Mama Zeituni: nyumba moja, jiko moja, maneno machache. Anasema nasonga ugali kama seremala anayepiga randa. Mimi nasema, hapa tu kwenye daftari, kwamba yeye anaipenda Landrova kuliko binadamu.

Landrova ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Kila asubuhi inabeba sufuria zetu za ugali na maharagwe hadi kambi ya wakata miwa, ng'ambo ya kijito, karibu na mto Nzoia. Siku hizi kila mtu analima miwa. Kuna watu wamepanda hadi mlangoni, ukitoka nje unapigwa usoni na majani. Matrekta ya miwa yamechimba barabara vibaya sana, na mvua ikinyesha hakuna gari jingine linalothubutu kwenda kambini. Dereva wetu ni Kimutai. Mama hukaa kando yake, kiganja juu ya dashibodi, kama mtu anayetuliza ng'ombe anayekamuliwa.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Maharagwe yameshika chini. Nimesemwa.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nilikwenda nao kambini. Tulipofika kwenye kile kilima kabla ya kijito, injini ilinguruma kama inataka kupaa, lakini gari likawa linatambaa tu. Harufu ikaingia ndani, kali, kama kwato la ng'ombe lililochomwa.

"Ni matope," Kimutai akasema.

Si matope. Nilikuwa nimeutazama mguu wake tangu nyumbani: haukuondoka juu ya pedeli ya klachi hata mara moja. Mustafa alipokuwa likizo alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, alfajiri, kabla watu hawajaamka, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba klachi si kibao cha kupumzishia mguu. Ulimi uliniwasha. Nikanyamaza, maana Mama hajui kama najua kuendesha, na Mustafa alisema tumwambie taratibu.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua, harufu ileile.

Jumanne, 16 Aprili

Imekufa. Pale pale kilimani. Kimutai anatia gia, anakanyaga mafuta, injini inalia, magurudumu hayageuki hata nusu. Tumevutwa hadi nyumbani na ng'ombe wanne wa jirani, watoto wakishangilia nyuma yetu kama kuna harusi. Mama alikataa kushuka. Alikaa mbele njia nzima, mgongo wima, uso umekauka.

Ugali umekwenda kambini kwa baiskeli, umefika baridi, na nusu ya maharagwe imemwagika njiani.

Jumatano, 17 Aprili

Kimutai ameacha kazi. Amepata trekta la miwa la kuendesha.

Alhamisi, 18 Aprili

Asubuhi amekuja Baba Mdogo Ismael, ndugu yake marehemu baba mkwe, mwenye duka la vitambaa hapa sokoni. Alikunywa chai yote kwanza, akafuta midomo, ndipo akasema.

"Shemeji, mafundi wote wamemezwa na matrekta ya miwa. Utampata wapi wa kufungua hiki chuma? Mimi nimekupatia mnunuzi. Mkandarasi wa Mumias. Analitaka hivyo hivyo lilivyo, bovu."

"Gari la ndugu yako, Ismael."

"Ndugu yangu hayumo ndani yake."

Mama akainuka, akakusanya vikombe ingawa changu kilikuwa bado kimejaa. "Anakuja lini huyo mtu wako?"

"Mwanzoni mwa Juni. Kama litakuwa linatembea wakati huo, basi, sitasema neno tena."

Nilimchukia pale pale, na kofia yake nyeupe, na utaratibu wake wa kunywa chai. Halafu likanijia wazo, nikahisi moyo unaruka kama chura: Muhonja!

Muhonja tulisoma naye shule moja. Kwao ni Amalemba, pale Kakamega mjini, na sasa anasomea ufundi wa magari kwenye chuo cha Sigalagala, msichana peke yake darasani. Wamefunga chuo, yuko nyumbani. Nikamwambia Mama jikoni, haraka haraka, kabla ujasiri haujaisha: ni klachi imekwisha, na Muhonja anaweza kuweka mpya.

"Msichana?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Afungue gari la marehemu?"

"Na kulifunga pia."

Alikoroga maharagwe muda mrefu. Kisha akaingia chumbani, nikasikia kifuniko cha sanduku lake kikigonga ukuta. Alirudi na pesa zimefungwa kwenye leso, akanipa bila kuuliza kitu kinauzwaje. "Nenda Kakamega kesho. Mwambie alete na hicho kitu kipya."

Jumamosi, 20 Aprili

Siku gani hii! Mikono yangu ni myeusi hadi viwiko na sabuni imeshindwa.

Muhonja alifika asubuhi na kisanduku cha spana na klachi mpya imefungwa kwa gazeti. Tuliinunua jana kwa Mhindi mjini, na wakati ule Muhonja alibishana naye juu ya ukubwa wake mpaka yule Mhindi akakubali kutoa nyingine ndani. Leo alimsalimia Mama kwa heshima zote, akapiga goti kidogo, kisha akavua sweta na kuvaa ovaroli juu ya gauni. Mama alimtazama kama anavyotazama mvua ya mawe.

Mimi nilidhani klachi iko chini ya gari na unaichomoa tu kutoka huko. Kumbe kwenye Landrova unaingilia juu. Tulitoa viti, tukafungua mabati ya sakafu, bolti moja moja, nyingine zimeshika kutu mpaka Muhonja anazimwagia mafuta ya taa na kuzibembeleza kama mtoto mgonjwa. Mwisho tukaona barabara kupitia tumbo la gari. Lile kasha kubwa katikati ndilo giaboksi, akanionyesha, na klachi imebanwa kati yake na injini. "Injini inazunguka muda wote," akasema. "Klachi ndiyo inayoishika gia mkono, au kuuachilia. Yenu imechoka kushika."

Alinituma chini ya gari kufungua bolti za propela, lile bomba refu linalozungusha magurudumu. Nikalala chali kwenye gunia, tope linanidondokea shingoni. Ghafla nikaona miguu ya Mama. Kisha magoti. Kisha Mama mzima, na leso yake, akatambaa akalala kando yangu, na taa ya kandili mkononi, maana kulikuwa na giza la mawingu.

"Huoni unachofanya," akasema. "Utaharibu kichwa cha bolti."

Tulikaa hivyo, bega kwa bega, mimi nafungua, yeye anamulika. Na huko chini, uso umeelekea vyuma, akanisimulia. Baba mkwe alipofariki, Mustafa hajaanza hata kutembea, wazee wa ukoo walisema mali igawanywe na yeye arudi kwao. Gari lilikuwa limeshapangiwa mtu mwingine wa kulichukua. Mama akamchukua mtoto, blanketi na jiko la makaa, akahamia ndani ya Landrova. Akafunga milango. Akawa analala humo, anapika mlangoni, mpaka ukoo mzima ukaona aibu mbele ya majirani.

"Na chakula, Mama? Nani aliyekuwa anakuletea unga?"

Mama alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka. "Ismael. Alikuwa anawaficha nduguze wakubwa, anakuja na uji kwenye chupa ya chai."

Nikaacha kuzungusha spana.

"Sasa mbona anataka liuzwe?"

"Anaona nimezeeka. Anaogopa nitakufa kwenye matope ya njia ile, na sufuria zangu." Akanisogezea taa. "Zungusha. Hiyo bado."

Jumapili, 21 Aprili

Giaboksi ni zito kuliko ng'ombe. Tulihitaji wanaume, nao wakaja wenyewe: Makhanu, nyapara wa kambi, pamoja na wakataji wake wawili, maana Jumapili hawakati.

"Mama, mulembe! Sisi tunakulanga kwako," Makhanu akasema, akikunja mikono ya shati. "Gari likilala, matumbo nayo yanalala. Tuambie tuinue wapi."

Muhonja alipitisha nguzo ya mkaratusi kwenye milango yote miwili, ikalala juu ya giaboksi kutoka upande hadi upande, akafunga mnyororo, wanaume wakainua ncha zake, giaboksi likaning'inia. Likavutwa nyuma polepole. Ndani mkaonekana vumbi jeusi, na katikati yake klachi yetu. Muhonja akaichomoa, akamkabidhi Mama. Sahani yake ilikuwa imelika hadi kwenye riveti, laini kama kigae cha mtoni. Mama akaipapasa kwa kidole gumba.

"Na hii ndiyo imekuwa ikipanda kile kilima?"

"Ndiyo, Mama."

"Maskini," akasema, na sikujua kama anaiambia klachi au anajiambia mwenyewe.

Kuweka mpya kulikuwa kazi ya dakika chache. Muhonja alichonga kijiti, akakipitisha katikati ya sahani ili ikae sawasawa kabla ya kukaza bolti. Beringi mpya iliyokuja na klachi ikaingia. Lakini kurudisha giaboksi! Likasukumwa, likagoma. Likainuliwa kidogo, likashushwa, likagoma. Makhanu akatokwa na jasho mpaka puani. Mvua ikaanza, tukafunika gari kwa turubai, tukaendelea. Nikamwona Muhonja ameuma mdomo, macho yamejaa maji, na nikajua anachokifikiria: wanaume watatu wanamtazama, na Mama anamtazama.

Mama akamwendea, akampa kikombe cha uji wa wimbi. "Kunywa kwanza, mwanangu. Chuma hakina haraka."

Akanywa. Akafikiri. Akaniambia niende mbele ya injini na ile hendeli ya kuwashia gari kwa mkono, nizungushe taratibu kabisa huku wao wanasukuma. Nikazungusha. Kidogo. Kidogo tena. Nikasikia *tok*, na giaboksi likateleza likaingia lote kama mkono kwenye mkono wa kanzu. Makhanu alipiga ukelele uliowatoa kuku wote chini ya ghala! Muhonja alikaa chini kwenye matope akacheka mpaka akalia.

Tulipomaliza kurudisha mabati na viti, jua lilikuwa linachungulia chini ya mawingu. Injini ikawaka. Mama akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa nani ataliendesha?"

Makhanu anajua panga, si usukani. Muhonja anarudi kwao kesho.

"Mimi," nikasema.

Mama aligeuka. Nikaeleza yote, uwanja wa mpira, alfajiri, Mustafa. Nilidhani paa litaanguka. Yeye akapanda, akakaa mahali pake, akaweka kiganja kwenye dashibodi.

"Basi twende tuone."

Nikakanyaga klachi, nyepesi, mpya, nikatia gia ya kwanza, nikaachilia pole pole. Ikashika! Ikashika kama mkono wa mtu! Tukapanda kile kilima hadi juu bila harufu, bila kelele, na juu kabisa Mama akasema neno moja tu: "Alhamdulillahi."

Jumatatu, 22 Aprili

Kabla ya kuondoka Muhonja alinionyesha tundu dogo chini ya kasha la klachi. Lazima liwe wazi siku zote ili mafuta yakivuja yatoke, lakini ukitaka kuvuka maji mengi unaliziba. Kizibo chenyewe kilipotea zamani. "Na ukiwa ndani ya maji usiguse klachi, hata ufanye nini. Maji yakiingia kwenye sahani, imekwisha."

Mama ameshika kisu na kipande cha mpera, anachonga kizibo. Amempa Muhonja ingokho, jogoo mwekundu, mkubwa mno kwa kapu lake.

Jumatatu, 6 Mei

Kambini kila siku. Watoto wa wakataji wananiita "Deleva." Mama hunirekebisha gia kwa kunong'ona, na yeye mwenyewe hajawahi kushika usukani.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumanne, 21 Mei

Ramadhani imeingia. Tunapika mlima wa chakula cha watu wengine na matumbo yetu matupu. Mama anasema huo ndio mtihani wenyewe. Leo amesema pia ugali wangu umeanza kueleweka.

Jumapili, 26 Mei

Kijito kimefika magotini. Tumevuka.

Alhamisi, 30 Mei

Nitaandika yote, ingawa mwili mzima unauma.

Mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi, kabla hatujapakia sufuria, alikuja Makhanu mbio, bila viatu, amelowa kichwa hadi miguu. Nzoia umetoka kwenye kingo zake. Kambi imezama. Watu wamekimbilia kwenye kile kichuguu chenye mti wa mkuyu, wanawake, watoto, na wagonjwa wa malaria wawili, na maji bado yanapanda. Yeye ameogelea kijito kuja huku. Trekta lililotumwa limezama hadi ekseli katikati ya njia ya shamba.

"Mama, hakuna gari lingine," akasema.

Mama akanitazama. Sikusubiri. Nilichukua kile kizibo cha mpera, nikalala kwenye tope na kanga yangu ya kushindia, nikakigongomea kwenye tundu kwa nyundo, kitambaa kimezungushwa. Nilipotoka chini ya gari nilimkuta Baba Mdogo Ismael amesimama pale, kanzu ameifunga kiunoni. Habari zilikuwa zimefika sokoni.

Nilijua atakataza.

"Nipeni kamba," akasema. "Na mti mrefu. Mtu lazima atangulie kupima maji."

Kijito hakikuwa kijito. Kilikuwa uwanja wa maji mekundu, na mabua ya miwa yanakwenda kasi juu yake. Baba Mdogo alifunga kamba kiunoni, Makhanu akashika ncha nyingine, naye Baba Mdogo akaingia na ule mti akichoma choma chini. Maji yalimfika mapajani. Akanyoosha mkono: njoo, huku, kushoto.

Nilivuta kile kijiti chekundu, gia ya matope. Gia ya kwanza. Nikaachilia klachi nikiwa bado ukingoni, nikaiweka miguu yangu mbali nayo. Tukaingia. Maji yakagonga milango, yakapenya chini, yakatufika vifundoni, yakapanda. Injini ikabadilisha sauti, ikakohoa, gari likasukumwa upande. Na mguu wangu wa kushoto ukainuka wenyewe. Wallahi sikuutuma. Ulikuwa unakwenda kwenye klachi kama mtu anavyoziba uso akiona kitu kinakuja.

Mama akalishika goti langu kwa mikono yote miwili. "Acha! Mafuta tu! Mafuta, mwanangu!"

Nikakanyaga mafuta. Landrova ikatikisika, ikauma kitu kigumu chini, ikapanda.

Kule juu kichuguuni nilisikia watu wanaimba nyimbo za kanisa, wengine wanalia tu. Tulibeba watoto kwanza, wamepangwa kama magunia, mama mmoja amening'inia mlangoni. Safari ya pili, wagonjwa na akina mama. Kila mara Baba Mdogo alikuwa majini, ametangulia, midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi, naye amefunga. Safari ya mwisho wanaume walikuja wameshikilia ubavu wa gari, maji yameshafika chini ya dashibodi, na nilikuwa napiga kelele. Mama anasema nilikuwa nasoma Ayatul Kursiyu. Sikumbuki.

Tulipotoka wote, nilizima gari na nikabaki nimeshika usukani. Makhanu aliwaita watu kwa majina, akarudia, akasema, "Wote wako. Wote!" Kelele zilizopigwa pale nadhani zilisikika Mumias.

Tumefuturu na kambi nzima nyumbani kwetu. Wamelala ghalani, msikitini, na kanisani. Muadhini ndiye aliyewapelekea wa kanisani mikeka.

Ijumaa, 31 Mei

Nimetoa kizibo. Tundu limetoa matone machache tu. Klachi inashika.

Jumatatu, 3 Juni

Mkandarasi wa Mumias alikuja leo, viatu vyake vimefungwa kwenye mifuko ya nailoni kwa sababu ya tope. Baba Mdogo, ambaye bado anakohoa, alimpokea uani kabla Mama hajatoka ndani.

"Asalaam aleikum, bwana. Umejisumbua bure."

"Si tulikubaliana gari ni bovu?"

"Tulikubaliana. Sasa si bovu."

"Nitaongeza."

"Hukunielewa," Baba Mdogo akasema, kwa upole uleule wake wa chai. "Haliuzwi. Mwenyewe analitumia."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeziba mdomo kwa mkono. Mama alikuwa nyuma yangu. Alivuta pumzi ndefu, kisha akaniambia nitie maji jikoni, wakati wa magharibi nimtengenezee Ismael uji wa pilipili manga kwa ajili ya kifua.

Jumatano, 12 Juni

Mvua imepungua. Kambi mpya inajengwa mahali pa juu. Barua ya Mustafa imefika kutoka Kigali, anauliza kama Mama ameshajua. Sijui nianzie wapi kumjibu.

Alhamisi, 20 Juni

Idd! Mwezi umeonekana jana. Tumevaa vizuri, tumekula pilau, Muhonja amepewa ruhusa akaja, Makhanu na wenzake wakaja na miwa kubwa kubwa mabegani. Baba Mdogo alileta kitambaa cha gauni, kimoja cha Mama na kimoja changu, rangi moja.

Baada ya chakula Mama alitoka uani na buibui lake jipya, akaizunguka Landrova, akaufungua mlango. Si mlango wake. Ule wa upande wa dereva. Akapanda, akavuta buibui lisinaswe, akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Njoo," akaniita. "Nionyeshe hiyo klachi inakanyagwaje."

Nikakaa kando yake. Nikamwonyesha. Alikanyaga kwa nguvu kama anaua nyoka, akaachilia, gari likaruka likazimika, na watoto wakakimbilia nyuma ya nyumba. Mara ya pili, likazimika. Muhonja akapiga kelele kutoka mlangoni, "Pole pole, Mama! Isikie inaposhika!"

Mara ya tatu akaisikia. Nilimwona usoni. Tukatoka getini gia ya kwanza, tukaingia barabarani, Baba Mdogo anakimbia mbele akifukuza mbuzi na watu, amevua kofia anaipunga. Tulipita soko lote la Mayoni kwa mwendo wa kobe, Mama hapepesi jicho, watu wametoka madukani wanapiga vigelegele, na msafara wa baiskeli nyuma yetu hakuna aliyethubutu kutupita.

Tumerudi. Ameoga, amesali, amelala. Kabla ya kulala alisimama mlangoni pangu akasema kesho anataka gia ya pili.